Vichupo na Mshale wa Kurudi: Kuelewa Mpangilio wa Kurasa katika Programu za Simu ili Kulinda Fedha Zako

Utangulizi

Mtumiaji wa huduma za mawasiliano anayeishi Mkolani, jijini Mwanza, halazimiki tena kupanda daladala kwenda katikati ya jiji ili kulipa ankara ya MWAUWASA, kununua umeme wa LUKU au kumtumia mzazi wake fedha huko Sengerema au Ukerewe. Shughuli hizo zote hufanyika kwenye simu kwa muda mfupi. Urahisi huo, hata hivyo, una sharti lake: mtumiaji ajue kila wakati yuko kwenye ukurasa upi, amefikaje hapo, na ukurasa aliouacha umebaki katika hali gani.

Somo hili linahusu vitu viwili ambavyo karibu kila mwenye simu janja huvigusa kila siku bila kuvitafakari. Cha kwanza ni safu ya vitufe iliyo chini ya kioo cha simu. Cha pili ni mshale wa kurudi nyuma. Watengenezaji wa programu huviunganisha vitu hivi kwa utaratibu maalumu, na mtumiaji asiyeufahamu utaratibu huo anaweza kudhani amefuta malipo kumbe ameyaficha tu, au kulipa mara mbili deni lililokuwa moja.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza tofauti kati ya kichupo na ukurasa uliofunguliwa ndani ya kichupo;
(b) kutambua mambo matatu ambayo kitufe cha programu hakiyafanyi ingawa watu wengi hudhani kinayafanya;
(c) kuchukua hatua sahihi pale malipo yanapokwama katikati;
(d) kumuuliza maswali ya msingi mtaalamu unayemwagiza akutengenezee programu.

1. Tulikotoka: menyu ya namba

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata, 2008, ikaanzishwa Tanzania. Mtumiaji alipiga *150*00#, akachagua namba, kisha kila chaguo likamfungulia chaguo lingine: kutuma pesa, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Menyu hiyo bado inatumika, na kwa mwenye simu ya kitochi ndiyo njia kuu.

Menyu ya namba ni njia moja isiyo na matawi ya pembeni. Ukitaka kutazama salio ukiwa katikati ya kutuma pesa, huna budi kuachia njia hiyo na kuanza upya. Hilo ni usumbufu, lakini pia ni kinga, kwa maana ukitoka kabla ya kuthibitisha, hakuna kilichobaki nyuma yako. Hakuna fomu iliyojazwa nusu inayokusubiri.

Mwezi Juni 2007 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone nchini Marekani. Mwaka 2008 Apple ilifungua duka lake la programu mwezi Julai, na Google ikafungua la kwake kwa simu za Android mwezi Oktoba. Kioo cha kugusa kiliwapa watengenezaji uwezo wa kumwekea mtumiaji njia kadhaa kwa wakati mmoja, naye akazihama apendavyo. Uwezo huo ndio ulioleta faida kubwa, na ndio ulioleta pia hatari tunazozieleza katika somo hili.

2. Maneno mawili ya kuyajua

Kichupo ni kitufe kimojawapo katika safu iliyo chini ya kioo, kila kimoja kikiwa na alama na jina, kwa mfano Nyumbani, Lipa, Miamala na Akaunti. Kila kichupo ni idara ya programu. Miongozo ya Android hupendekeza vichupo vitatu hadi vitano, na iPhone kwa kawaida huonyesha visivyozidi vitano, kwa kuwa vikizidi hapo vidole hukosea na majina hayasomeki.

Rundo la kurasa ni kurasa zinazowekwa moja juu ya nyingine ndani ya kichupo kimoja. Ukigusa Lipa unaona orodha ya huduma. Ukigusa Maji, ukurasa wa maji unawekwa juu ya orodha hiyo. Ukijaza namba ya kumbukumbu ya malipo na kuendelea, ukurasa wa kiasi unawekwa juu yake, kisha ukurasa wa kuthibitisha. Unaona ule wa juu tu, lakini zile za chini zipo. Mshale wa kurudi huondoa ukurasa mmoja wa juu na kukuonyesha uliokuwa chini yake.

Kwa kifupi, kichupo hukuhamisha kutoka idara moja kwenda nyingine, na mshale hukurudisha hatua moja ndani ya idara uliyomo.

3. Mfano wa madaftari ya duka

Tuchukue mfano wa mwenye duka aliye kando ya barabara ya Shinyanga, kati ya Nyegezi na Buhongwa. Juu ya meza yake ana madaftari manne: la mauzo, la madeni, la matumizi na la miamala ya simu. Amefungua daftari la madeni ukurasa wa 12 na ameanza kuandika jina la mteja. Mteja mwingine anaingia, naye analivuta daftari la mauzo na kuliweka juu. Daftari la madeni halijafungwa. Liko chini, wazi, ukurasa uleule wa 12, jina likiwa limeandikwa nusu.

Hivyo ndivyo programu iliyotengenezwa vizuri inavyofanya kazi. Kila kichupo ni daftari, na kila daftari lina kurasa zake. Kubadilisha daftari hakugeuzi kurasa za daftari lingine. Katika programu nyingi, ukigusa kwa mara ya pili kichupo ulichomo, utarudishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kichupo hicho, kama mtu anayelirudisha daftari kwenye jalada lake.

4. Kwa nini vichupo hubeba marundo

Mtengenezaji angeweza kufanya kinyume, yaani kuwa na rundo moja la kurasa na kuviweka vichupo ndani ya ukurasa mmojawapo. Apple iliwaelekeza wataalamu wake waepuke mpangilio huo: safu ya vichupo iwe msingi, na kila kichupo kiwe na rundo lake. Sababu zake zinamhusu mtumiaji moja kwa moja.

Kwanza, vichupo vikiwa ndani ya ukurasa, mshale wa kurudi hauna maana moja. Je, unarudi hatua moja ndani ya Lipa, au unaondoka katika vichupo vyote? Pili, vichupo vyote vikitumia rundo moja, kurasa za Lipa huchanganyika na kurasa za Miamala. Mtumiaji akibonyeza kurudi anajikuta kwenye ukurasa wa idara nyingine, kama karatasi za madaftari manne zilizochanwa na kushonwa pamoja. Tatu, anayehama kichupo kwa sekunde chache ili kutazama salio hupoteza kila alichokuwa amekijaza.

Ukikutana na programu ya namna hiyo, isiyotabirika, usidhani kasoro ni ya kwako. Kasoro iko kwenye mpangilio, na una haki ya kumweleza mtoa huduma.

Mpangilio mzuri una jambo moja zaidi. Ukurasa wa kuthibitisha malipo mara nyingi hufunika kioo chote na kuficha safu ya vichupo, ukibakiza vitufe viwili tu: Thibitisha na Ghairi. Wengine huona hilo kama kasoro. Kwa kweli ni ulinzi: programu inakutaka utoe uamuzi mmoja ulio wazi kabla ya kwenda kwingine.

5. Makosa matatu yanayogharimu

5.1 Kuhama kichupo si kufuta

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa dagaa wa Mkolani anayetaka kumlipa msambazaji wake wa Mwaloni Kirumba shilingi 150,000. Anafungua Lipa, anajaza namba ya msambazaji na kiasi. Kabla ya kuthibitisha anapigiwa simu na kuambiwa mzigo haujafika. Anagusa Nyumbani, akiamini kwamba malipo yale yameondoka.

Hayajaondoka. Yamefichwa. Jioni anafungua tena Lipa ili atume mchango wa shule. Anakutana na ukurasa ulioachwa asubuhi, anabadilisha kiasi kuwa 40,000, na kwa haraka hatazami kwamba namba ya mpokeaji ni ileile ya msambazaji. Fedha ya shule inakwenda Mwaloni.

Programu nyingi za fedha hujifunga zenyewe baada ya muda bila kutumiwa, lakini usiutegemee utaratibu huo. Kanuni ni hii: unapoahirisha malipo, bonyeza Ghairi, au rudi kwa mshale hadi ukurasa wa kwanza wa kichupo. Unapoanza malipo mapya, anza kwenye ukurasa wa kwanza. Na kabla ya kuthibitisha, soma jina la mpokeaji neno kwa neno, usiishie kwenye kiasi.

5.2 Kurudi nyuma si kurudisha fedha

Umebonyeza Thibitisha. Kiduara kinazunguka. Mtandao ni dhaifu, dakika inapita, nawe unabonyeza mshale wa kurudi. Fomu inaonekana tena, namba na kiasi vikiwa kama ulivyoviacha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Unabonyeza Thibitisha kwa mara ya pili.

Kiduara ni mali ya ukurasa, lakini ombi la malipo si mali ya ukurasa. Mara ulipothibitisha, ombi lilisafiri kwenda kwenye mitambo ya mtoa huduma. Ni sawa na mzigo uliomkabidhi kondakta wa basi katika stendi ya Nyegezi: basi likishaondoka, kufunga mlango wa duka lako hakuurudishi mzigo. Ombi la pili ni mzigo wa pili. Ipo mifumo inayotambua maombi mawili yanayofanana na kulikataa la pili, lakini si busara kuiweka fedha yako rehani kwa matumaini hayo.

Malipo yakikwama, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake:
(i) Usithibitishe tena. Subiri ujumbe mfupi wa maandishi kutoka kwa mtoa huduma.
(ii) Fungua kichupo cha Miamala. Kumbuka kwamba kichupo hicho nacho hutunza ukurasa kama ulivyouacha, hivyo orodha unayoiona inaweza kuwa ya saa moja iliyopita. Ivute chini kwa kidole ili ijisome upya, na utazame saa ya muamala wa mwisho.
(iii) Hakiki salio kwa njia ya pili, yaani menyu ya namba, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa. Njia hiyo haitegemei kurasa za programu.
(iv) Ikiwa bado hujapata uhakika, piga namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wako.

5.3 Kuondoka kwenye programu si kufunga akaunti

Unaporudi kwenye kioo cha mwanzo cha simu, programu haifungi kurasa zake papo hapo. Ukimpa mtoto simu acheze, au ukimpa mtu akusaidie kutuma fedha, kurasa ulizoziacha katika vichupo vingine zinaweza kuwa wazi: taarifa za miamala, jina lako kamili, namba ya kitambulisho chako. Katika Akaunti kuna kitufe cha Toka. Kitumie kabla simu haijaingia mikononi mwa mtu mwingine. Namba yako ya siri usimpe yeyote, awe wakala, ndugu au mtu anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu.

6. Tofauti kati ya aina za simu

Kwenye iPhone mshale wa kurudi huwa juu kushoto, ndani ya ukurasa wenyewe. Tangu toleo la iOS 7 la mwaka 2013, unaweza pia kurudi kwa kupitisha kidole kuanzia ukingo wa kushoto wa kioo. Mshale huo hautoki nje ya kichupo. Ukifika ukurasa wa kwanza, unatoweka.

Kwenye Android kurudi nyuma ni kazi ya simu yenyewe, kwa kitufe kilicho chini kabisa au, tangu Android 10 ya mwaka 2019, kwa kupitisha kidole kutoka ukingo wowote wa pembeni. Ukifika ukurasa wa kwanza wa kichupo na kurudi tena, programu nyingi hukupeleka Nyumbani, na ukirudi mara nyingine hukutoa nje kabisa. Kwa hiyo mwenye Android anayebonyeza kurudi mara nyingi kwa haraka anaweza kujikuta nje ya programu bila kujua aliacha nini ndani.

Anayebadilisha simu kutoka aina moja kwenda nyingine ajipe siku chache za kuizoea kabla ya kufanya malipo makubwa.

7. Kurasa za kitapeli

Matapeli hutuma viungo vinavyofungua ukurasa wa intaneti uliochorwa ufanane na programu halisi, ukiwa na vichupo vyake chini. Tazama kwa makini. Mara nyingi vichupo hivyo ni picha tu: ukivigusa haviitikii, au vyote vinakurudisha kwenye fomu moja inayodai namba ya siri. Juu ya ukurasa unaweza pia kuona anwani ya tovuti, ambayo kwa kawaida haionekani ndani ya programu halisi.

Dalili hizi husaidia, lakini kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba ukurasa ni salama. Kinga ya kudumu ni kufungua programu kwa alama yake uliyoipakua kwenye duka rasmi la simu yako, na kamwe usiifungue kwa kiungo ulichotumiwa.

8. Zoezi

Fungua programu yoyote yenye vichupo. Zoezi hili halihitaji kutuma fedha.
1. Hesabu vichupo na usome majina yake.
2. Ingia kurasa tatu ndani ya kichupo kimoja.
3. Hamia kichupo kingine, kisha rudi. Je, ukurasa wa tatu bado upo?
4. Bonyeza mshale mara moja. Umerudi hatua ngapi?
5. Gusa tena kichupo hichohicho ulichomo. Umepelekwa wapi?
6. Toka kwenye programu, subiri dakika tano, ifungue tena. Imekudai namba ya siri, au imekuonyesha ukurasa uleule?

Jibu la swali la sita ndilo muhimu kuliko yote. Ikiwa programu ya fedha haikukudai namba ya siri, tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kujifunga yenyewe na uiwashe.

9. Kwa anayeagiza programu

Vikundi vya kuweka na kukopa, shule na wafanyabiashara sasa huwaagiza vijana wenye ujuzi wawatengenezee programu. Kabla ya kupokea kazi na kumaliza malipo, muulize mtengenezaji:
(a) Je, kila kichupo kina rundo lake la kurasa?
(b) Je, ukurasa wa kuthibitisha malipo huficha vichupo?
(c) Je, baada ya malipo kukamilika, mshale wa kurudi humpeleka mtumiaji mwanzo, au humrudisha kwenye fomu iliyojaa?
(d) Je, ombi moja likitumwa mara mbili, mfumo hulikataa la pili?
(e) Je, programu hujifunga isipotumiwa?

Mtengenezaji makini atakujibu kwa kukuonyesha kwenye simu. Taarifa za wanachama au wazazi zitakazokusanywa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wajibu wa kuzilinda unakuhusu wewe uliyeagiza programu pia.

10. Ukipata tatizo

Ukituma fedha kwa mtu asiyehusika, piga 100 mara moja, kabla mpokeaji hajaitoa. Andaa namba ya muamala, saa na kiasi. Tunza ujumbe wa muamala, na ukiweza piga picha ya kioo ikionyesha ukurasa ulipokwama.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, yapeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kwa masuala ya fedha zenyewe, Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo chini ya sheria ya mwaka 2015, nayo pia ina tawi Mwanza. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Ili kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Muhtasari

Kichupo huhamisha, hakifuti. Mshale hurudisha ukurasa, haurudishi fedha. Kutoka kwenye programu hakufungi akaunti. Kabla ya kuthibitisha malipo yoyote, soma jina la mpokeaji, namba yake na kiasi, kisha jiulize kama ukurasa ulio mbele yako umeufungua sasa hivi au uliuacha wazi tangu asubuhi.